Msafara Usiolipa Hongo: Uhakiki wa Simulizi ya Kiongozi wa Watalii katika Bonde la Yarra

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika Mashariki umejishughulisha zaidi na ngano, methali, nyimbo na majigambo. Aina za usimulizi zilizozuka pamoja na biashara ya utalii zimeachwa kando, ingawa hadhira yake haikauki. Simulizi ya kiongozi wa watalii ni mojawapo ya aina hizo. Ina fanani wake, ina hadhira yake, ina mianzo na miishio iliyokwisha kuwa ya kimapokeo, na hubadilika kila itolewapo kufuatana na umri, tabia na uchovu wa wasikilizaji. Huenda imedharauliwa kwa sababu hulipiwa kwa tikiti. Hoja hiyo haina uzito, kwani manju na malenga nao walitunzwa, na hakuna aliyedai kwamba tuzo ziliiharibu sanaa yao.

Mfano unaochunguzwa hapa unatoka mbali, katika jimbo la Victoria nchini Australia. Umeteuliwa kwa kuwa umekomaa, na kwa kuwa tatizo lililomo si geni kwa msomaji wa Kenya. Asubuhi mabasi madogo huondoka katika mji wa Melbourne yakielekea mashariki. Watalii hupandishwa gari la moshi liitwalo Puffing Billy katika vilima vya Dandenong. Hushushwa, wakapelekwa katika mashamba ya mizabibu ya bonde la Yarra, ambako huonja mvinyo na kula chakula cha mchana. Kisha huingizwa katika hifadhi ya Healesville kuwatazama koala, kangaruu na wanyama wengine wa nchi ile. Na jioni hurejeshwa mjini. Wako viongozi wanaoupindua mpangilio huo, na wako wanaoacha hiki wakaongeza kile, lakini umbo la jumla ni lile lile: gari la moshi, mvinyo, wanyama, na sauti ya mtu mmoja inayoviunganisha vyote kutoka karibu na usukani.

Swali la kwanza la mhakiki ni la msuko. Kwa nini vitu hivi vitatu? Jibu la mfanyabiashara ni kwamba vyote viko karibu, kwa kuwa kutoka Melbourne hadi Healesville ni kilomita 60 hivi, na vingine viko njiani au kando ya njia. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, maana ukaribu wa mahali hauzai hadithi. Simulizi ya bonde hili husikilizika kwa sababu nyingine: sehemu zake tatu zina msuko mmoja. Kila moja ni habari ya kitu kilichozaliwa kwa matumaini, kikafa au kikakaribia kufa, kisha kikafufuliwa na watu waliokipenda.

Habari ya reli ndiyo iliyo wazi zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Victoria, ikibana matumizi, ilijenga reli nne nyembamba, zenye upana wa milimita 762 baina ya chuma na chuma, ili kuyafikia makazi yaliyokuwa mbali. Mojawapo, ile ya kutoka Upper Ferntree Gully hadi Gembrook, ilifunguliwa Desemba 1900, ikabeba mbao, viazi na abiria. Mwaka 1953 ardhi iliporomoka ikaifunika njia, na mwaka uliofuata reli ikafungwa rasmi. Mwaka 1955 kikaundwa chama cha kuihifadhi. Treni zikarudi hadi Menzies Creek mwaka 1962, Emerald mwaka 1965, Lakeside mwaka 1975, na mwishowe Gembrook mwaka 1998. Miaka arubaini na minne baina ya kufungwa na kufika tena mwisho wa njia: hicho ni kipindi cha kutosha utenzi.

Kisanaa sehemu hii ni bora kuliko nyingine zote. Kiongozi hukiri ndani yake kwamba jambo lilishindikana, na shujaa anayeshindwa kwanza husikilizwa zaidi. Lakini lipo jambo kubwa kuliko hilo: kazi inaonekana. Dereva na fayamani wako mbele ya macho ya abiria, nyuso zao nyeusi kwa makaa. Mkagua tikiti na mpeperusha bendera wako pale, wengi wao wakifanya kazi bila malipo. Na treni inapovuka daraja la mbao la Monbulk Creek kila mtu hufahamu, bila kuambiwa, kwamba magogo yale yalikatwa na kusimamishwa na mikono ya watu. Simulizi hapa haiwezi kuwaficha watendaji hata ikitaka.

Msomaji wa Kiswahili ana la ziada. Lugha yake iliendelea kuiita treni gari la moshi hata baada ya moshi wenyewe kutoweka. Wenyeji wa Dandenong wamefanya kinyume, wameurudisha moshi ili jina lisiwe uongo. Tena injini moja ya reli ile, G42, iliyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1926, ni ya ukoo wa Garratt. Injini ya kwanza ya ukoo huo ilipelekwa kisiwani Tasmania mwaka 1909, na miongoni mwa wajukuu zake wakubwa ni injini za daraja la 59 zilizoanza kuvuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 1955, zikabatizwa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Iitwayo Mount Gelai imehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Hayo ni ya pembeni, lakini si vibaya mtu akajua kwamba chuma cha huko na cha huku ni ndugu.

Katika mashamba ya mizabibu msuko ni ule ule, ila fani yake imelegea. Mizabibu ya kwanza ya bonde ilipandwa Yering mwaka 1838 na ndugu wa ukoo wa Ryrie. Baadaye walikuja Waswisi, akina Paul na Hubert de Castella na Guillaume de Pury, na mwaka 1889 mvinyo wa Yering ukapata tuzo kuu katika maonyesho ya Paris. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1890, wanywaji nao wakageukia mvinyo mtamu ulioongezewa nguvu. Mizabibu ikang'olewa na ng'ombe wa maziwa wakachukua nafasi yake. Kufikia miaka ya 1930 zao hilo lilikuwa limetoweka bondeni, na halikupandwa tena hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kufa na kufufuka, kwa mara ya pili katika siku moja.

Hapa kiongozi hunyamaza, akamwachia nafasi mwonjeshaji, na lugha hubadilika. Mvinyo husemwa kwa tashbihi: unanukia kama tunda fulani, au ngozi, au majani yaliyolowa. Mtu anaweza kudhani kwamba Kiswahili kingepungukiwa na maneno mahali kama hapo. La hasha. Lugha yenye ukakasi, ugwadu, uchachu, utamu, ukali na uchungu, na inayotofautisha tembo tamu na tembo kali, haiwezi kuaibishwa na bilauri ya pinot noir. Tatizo la lugha ya mwonjeshaji ni la sarufi. Vitenzi vyake vingi vina watendaji wasio watu: udongo hutoa, mteremko huzuia, mwaka huwa mwema, baridi hukomaza. Aliyekata vichala hatajwi. Kiswahili kinaposema habari ya kinywaji huanza na mtu aliye juu ya mti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: hata lawama ya methali hii ni namna ya kumtambua, kwani hakuna anayeweza kumlaumu mtu asiyemwona. Katika sifa za mvinyo mtu wa namna hiyo hayumo, wala kwa kusifiwa wala kwa kulaumiwa.

Sehemu ya wanyama nayo hurudia msuko huo, na pengine ndiyo inayougusa zaidi moyo wa hadhira. Koala waliwindwa kwa ajili ya ngozi zao. Mwaka 1927 jimbo la Queensland liliruhusu msimu wa mwisho wa kuwinda, wakauawa kwa mamia ya maelfu. Yupo mnyama mdogo wa mitini, mwenye kubeba mtoto mfukoni, aliyepewa jina la Leadbeater. Ilidhaniwa kwamba amekwisha kabisa duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1961 katika misitu iliyo nje ya bonde hilo. Yupo platipasi, mwenye mdomo kama wa bata na kutaga mayai hali ananyonyesha, ambaye hakuwahi kuzalishwa akiwa kifungoni hadi David Fleay alipofanikiwa katika hifadhi hiyo ya Healesville mwaka 1943. Ni habari nzuri, na nyingi ni za kweli tupu. Watoto huzisikiliza kwa makini kuliko wazazi wao, ambao kwa wakati huo wana mvinyo kichwani.

Hivyo sehemu tatu zinashikamana. Lakini mtu akizichunguza kwa sarufi ya Kiswahili ataona kwamba zinashikamana kwa jambo jingine pia. Kila mwanafunzi wa lugha hii anajua tofauti iliyopo kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Kikombe kilichovunjwa kimevunjwa na mtu. Kikombe kilichovunjika kimevunjika tu, na mtoto aliyesimama karibu nacho huichagua kauli hiyo kwa werevu wa kuzaliwa. Simulizi ya bonde la Yarra ni simulizi ya kutendeka. Njia ilifunikika kwa udongo. Mizabibu ilipotea. Wanyama walipungua. Ukitoa wale wawindaji wa koala, ambao hata hivyo ni wa jimbo jingine, kifo katika habari zote tatu hakina muuaji mwenye jina, ilhali ufufuo una majina, tarehe na mara nyingine sanamu. Hadhira hujiona upande wa wafufuaji, na hakuna anayeulizwa babu yake alisimama upande gani.

Ipo habari ya nne katika bonde hilo hilo, na kwa msuko ingefaa kuliko zile tatu. Mwaka 1863 watu wa mataifa ya Kulin, Wawurundjeri na jirani zao, wakiongozwa na Simon Wonga na William Barak, walifika karibu na Healesville baada ya kuhamishwa huku na huko, wakaweka makazi yaliyokuja kuitwa Coranderrk. Jina hilo ni la mmea wenye maua meupe katika lugha ya Woiwurrung. Walifyeka, wakajenga nyumba, wakafuga, na katika miaka ya 1870 wakaanza kulima hopsi, lile ua linaloipa bia uchungu wake. Hopsi za Coranderrk zilipata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya Melbourne mwaka 1881.

Kwa hiyo ziko tuzo mbili za kilimo cha kinywaji, kutoka katika bonde moja, zikipishana kwa miaka minane. Ile ya 1889 haikosi kutajwa panapoonjwa mvinyo. Ile ya 1881 aghalabu haitajwi.

Wakazi wa Coranderrk hawakuwa watu wa kunyamaza. Bodi ya serikali iliyowasimamia ilipotaka kuwahamisha, ardhi ile nzuri ipate kuuzwa, waliandika barua na maombi ya maandishi, na Barak na wenzake walitembea kwa miguu hadi Melbourne kuyawasilisha mbele ya mawaziri. Mwaka 1881 ikaundwa tume ya kuchunguza, na wakazi wenyewe wakatoa ushahidi wao mbele yake. Walishinda kwa muda. Kisha mwaka 1886 bunge la Victoria likapitisha sheria iliyowatoa makazini watu wenye asili ya mchanganyiko ambao hawakuwa wazee, yaani wale hasa waliokuwa na nguvu za kufanya kazi. Familia zikavunjwa na kilimo kikakosa mikono. Barak alifariki mwaka 1903. Mwaka 1924 makazi yakafungwa na wengi wa waliosalia wakapelekwa mbali, Lake Tyers. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kipande kidogo cha ardhi ile kilirejeshwa kwa Wawurundjeri.

Kuzaliwa, kufa, na kufufuka kwa sehemu: hapana tofauti ya msuko. Tofauti iko katika kauli ya kitenzi. Coranderrk haikufungika, ilifungwa. Aliyeifunga anajulikana, na amri zake zimo katika kumbukumbu za serikali. Habari hii haitumiki kwa kutendeka hata ikipindwa vipi, na ndiyo maana haikai vizuri baina ya treni na mvinyo.

Mtu anaweza kuitetea simulizi ya kiongozi kwa kusema kwamba Coranderrk haiko njiani. Utetezi huo hauna miguu. Hifadhi ya wanyama ya Healesville imesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya Coranderrk. Mwaka 1920 mtaalamu wa maumbile ya viungo, Colin MacKenzie, alipewa ekari 78 za ardhi hiyo kwa utafiti wake juu ya wanyama wa Australia. Mwaka 1927 mahali hapo pakakabidhiwa baraza la mji wa Healesville. Mwaka 1934 pakafunguliwa kama hifadhi yenye jina lake. Hebu tarehe zitazamwe kwa utulivu. Wanyama walitengewa mahali mwaka 1920. Watu walifungiwa makazi yao mwaka 1924. Ardhi moja ilionekana kuwa ndogo mno kwa wenyewe na kubwa ya kutosha kwa kangaruu. Mtalii husimama juu ya ukweli huo akiwa na kamera shingoni, na kiongozi akamweleza urefu wa mkia wa mnyama.

Wala upande wa mvinyo hauko mbali na habari hii. Guillaume de Pury alianzisha shamba lake la Yeringberg mwaka ule ule wa 1863, akawa jirani wa Coranderrk, na ukoo wake ulijuana na Barak. Barak alikuwa mchoraji. Alichora ngoma na sherehe za watu wake kwa udongo wa rangi na makaa. Mwaka 2022 mchoro wake wa mwaka 1897, pamoja na ngao aliyoichonga, vitu vilivyokuwa vimebaki katika ukoo wa de Pury, vilipigwa mnada New York. Wawurundjeri walivinunua kwa fedha zilizochangwa na umma pamoja na msaada wa serikali ya Victoria. Fanani yeyote aliyepewa kisa kama hicho, chenye jirani mkulima wa mizabibu, mzee msanii, zawadi, mnada ng'ambo ya bahari na marejeo, angemshukuru Mungu. Kukiacha ni kosa la kisanaa kabla ya kuwa kosa la kimaadili.

Haki inadai isemwe kwamba kuna maneno machache yanayotangulia. Katika miaka ya karibuni imekuwa desturi nchini Australia kuanza shughuli za hadhara kwa kuwatambua wenyeji wa asili wa ardhi na wazee wao, na wako viongozi wa watalii wanaofanya hivyo basi linapoondoka mjini. Msomaji wa tenzi ataitambua mara moja sehemu hiyo: ni dibaji. Lakini dibaji ya utenzi ina nguvu juu ya yanayoifuata. Mtunzi anayeanza kwa jina la Mwenyezi Mungu amejifunga. Vita, mapenzi na mauti yatakayosimuliwa yatapimwa kwa jina hilo hadi beti za mwisho, pale atakapolitaja jina lake na tarehe yake. Dibaji ya basi haifungi kitu. Ikiisha, Wawurundjeri hawarudi tena katika simulizi hadi jioni, isipokuwa pengine kwa njia ya boomerangi dukani.

Lipo neno la Kiswahili linaloifaa dibaji hiyo, nalo limebeba historia inayostahili kukumbukwa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilitanguliwa na kirangozi, na ilipofika katika nchi yenye wenyewe, Ugogo kwa mfano, haikupita bila kutoa hongo. Wakati huo hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa malipo ya hadharani, yanayojadiliwa mchana, ambayo kwayo mgeni alikiri kwamba ardhi ina mwenyewe na kwamba yeye ni mpita njia. Maana ya neno ilishuka hadhi baadaye, pamoja na hadhi ya watemi waliolipokea.

Bondeni Yarra jambo kama hilo liliwahi kuwepo. Mwaka 1835 John Batman alikutana na wazee wa Kulin akawapa mablanketi, visu, mashoka na unga, akaahidi mengine kila mwaka, kisha akadai kwamba kwa hayo amenunua ekari zipatazo 600,000. Baadhi ya wanahistoria wameeleza kwamba wazee wale walilielewa tukio kama tanderrum, ibada yao ya kumruhusu mgeni apite na kukaa kwa muda. Kwa istilahi ya misafara, walipokea hongo; Batman alidhani, au alijifanya kudhani, kwamba ameandikiwa hati. Kabla mwaka haujaisha Gavana Richard Bourke alitangaza kwamba mapatano hayo ni batili, kwa kuwa ardhi yote ni ya mfalme wa Uingereza. Tangu hapo misafara ikapita bure. Maneno ya kuwatambua wenyeji ndani ya basi ni hongo iliyobaki kivuli: ishara ipo, lakini hakuna anayesimamishwa njiani hadi iwe imepokewa.

Majina nayo yanashuhudia. Mto uliolipa bonde jina lake uliitwa Birrarung na wenyewe. Mpima ardhi John Helder Wedge, mwaka huo huo wa 1835, alisikia maneno yaliyohusu maji yanayoporomoka akadhani ndilo jina la mto wote, akaandika Yarra. Koala na wombati ni maneno ya lugha ya Dharug, ya upande wa Sydney. Kangaruu ni neno la Guugu Yimithirr, lililoandikwa na Waingereza mwaka 1770 kaskazini kabisa. Kwa hiyo kiongozi hawezi kumtaja mnyama wake mashuhuri bila kutumia ulimi wa watu ambao hadithi yake imewaacha nje, na mara nyingi ni ulimi wa watu wa mbali, uliohamishwa mamia ya kilomita na wageni. Nukta hii ingempa fanani mwenye kipaji nusu saa ya usimulizi usiochosha.

Fasihi ya Kiswahili ina kigezo chake cha safari za kuongozwa. Katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901, imo habari ya Salim bin Abakari aliyesafiri na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Salim hakuichagua njia wala hakuishika ratiba. Alichukuliwa, kama mtalii wa Melbourne anavyochukuliwa na basi. Hata hivyo masimulizi ni yake. Macho ni yake na kipimo ni chake. Aliyeongozwa ndiye aliyesimulia, na kwa sababu hiyo msomaji anapata kujua nani alikuwa nani katika msafara ule. Katika simulizi ya basi anayeongoza ndiye anayesimulia, na ratiba ndiyo mhariri wake. Si haki kumbebesha kiongozi lawama yote. Ni mfanyakazi, analipwa kwa siku, ana dakika arobaini mahali pengine ambapo mwanahistoria angetaka wiki, na baadhi ya abiria wake walikuja kwa ajili ya mvinyo tu.

Lakini hawezi kusema kwamba hakuna mahali pa kujifunzia. Diane Barwick aliandika historia nzima ya mapambano ya Coranderrk, iliyochapishwa mwaka 1998 baada ya kifo chake. Giordano Nanni na Andrea James wameutumia ushahidi wa tume ya 1881 kutunga tamthilia, Coranderrk: We Will Show the Country, iliyotolewa kitabuni mwaka 2013, wahusika wake wanasema yale yaliyoandikwa na makarani wa tume. Kwa hiyo simulizi ya pili ya bonde hilo tayari ina maandishi na ina jukwaa. Kilichokosekana ni kiti ndani ya basi.

Jambo hili lina uzito kwa idara zinazofundisha Kiswahili nchini Kenya, kwa sababu wahitimu wake huingia katika kazi ya kuongoza watalii, na msuko wa kutendeka wanaukuta ukiwangoja. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901. Inaposimuliwa, simba wa Tsavo hupewa nafasi kubwa. Vibarua kutoka India, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, hupewa sentensi. Naivasha, ambako watalii hupelekwa kutazama viboko na ndege, ni jina la Kimaasai lililoharibiwa na ndimi za wageni kama Yarra ilivyoharibiwa. Kwa mapatano ya 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa ili ardhi iliyo kando ya reli wapewe walowezi. Kwa mapatano ya 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Nao, kama watu wa Coranderrk, hawakunyamaza: walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ya Ole Njogo ikatupwa.

Mwanafunzi anayejizoeza kuisimulia njia ya Naivasha ana vitenzi viwili mbele yake. Akisema kwamba Wamaasai walihama, sentensi imekwisha na basi linaweza kuendelea hadi penye viboko. Akisema kwamba walihamishwa, mtalii mmoja katika viti vya nyuma atauliza walihamishwa na nani, na itambidi awe na jibu.